Siku ya Mashujaa tuwaombee na waliopotea angani

Mhariri,

Kila Julai 25 ikikaribia, Siku ya Mashujaa, huwasikia watu hapa Tabora wakisema Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vya Wazungu, na kwamba vijana waliopotea na ndege zao za vita hawatuhusu. Naomba nafasi nipinge.

Marehemu babu yangu alikuwa Keya, askari wa jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, King's African Rifles. Mwaka 1944 alikuwa Burma, leo Myanmar, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, katika bonde la Kabaw, mvua za huko zikinyesha usiku na mchana. Malori yalizama kwenye tope, hivyo chakula, risasi na dawa vikawa vinadondoshwa kwa miavuli. Babu alisimulia kwamba siku moja waliisikia ndege ikizunguka juu ya mawingu, inatafuta upenyo, kisha mngurumo ukakatika nyuma ya mlima. Hawakula siku hiyo. Lakini akifika hapo habari ya njaa hakuigusa kabisa. Alikuwa akiuliza vijana wale walikuwa watoto wa nani, na mama zao waliambiwa nini. Hadi anafariki, dua ya marehemu wa ukoo ikisomwa nyumbani, aliongeza: "Na wale wa kwenye ndege."

Wenzao wa ndege za mabomu waliteketea zaidi. Katika kamandi ya mabomu ya Uingereza peke yake walikufa 55,573, kati ya watu kama 125,000 walioruka. Ndege moja ya mabomu aina ya Lancaster ilibeba watu saba: rubani, fundi wa injini, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio na wapiga bunduki wawili. Ikianguka moja, nyumba saba zinaweka matanga. Usiku wa Machi 30, 1944, safari ya kuupiga mabomu mji wa Nuremberg, Ujerumani, iligharimu ndege 95. Usiku mmoja! Na wasiseme wote walikuwa Wazungu: Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa mwongoza njia, ndege yake ikatunguliwa Ujerumani Novemba 1943, akashikwa mateka. Yeye alijaliwa kurudi.

Najua mabomu yao yaliua raia wengi, miji ya Hamburg na Dresden ni mashahidi. Ndugu zetu wa Kigoma nao walidondoshewa mabomu mwaka 1916, katika Vita Vikuu vya Kwanza, ndege za Wabelgiji zilipoilenga pale bandarini meli ya Wajerumani ambayo leo tunaiita Liemba. Kumwombea maiti si kusifu kila alichotumwa kufanya. Wengi wa wanaanga hao walikuwa wamezidi kidogo tu umri wa wanafunzi niliokuwa nawafundisha, na maelfu kati yao hawana hata kaburi.

Ombi langu kwa mashehe, mapadri na wachungaji wa mkoa huu: Julai 25 mwaka huu, mkiwaombea askari wetu, watajeni na hao waliopotea angani. Na familia zilizopoteza Keya zitafute majina. Askari waliokufa Burma bila kaburi wameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Taukkyan, karibu na Rangoon (leo Yangon). Wanaanga waliopotea upande huo wameandikwa Kranji, Singapore. Orodha iko bure kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, kijana yeyote mwenye simu atawafungulia. Jina lijaribiwe kwa tahajia mbalimbali, maana makarani wa jeshi waliandika kadiri walivyosikia.

Mwalimu mstaafu,
Isevya, Tabora