Udongo wa mfinyanzi usomwe kabla ya kiwanja kuuzwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Kila masika inapokaribia, mjadala wa mafuriko katika Jiji la Dar es Salaam huishia kwenye mitaro iliyoziba, taka na ujenzi wa mabondeni, na udongo wenyewe, unaobeba nyumba zetu, mashimo ya vyoo na makaro ya maji taka, hautajwi. Mimi ni mwalimu wa Jiografia wa shule ya sekondari. Miongoni mwa mada tunazofundisha ni kazi ya barafu katika kuumba sura ya nchi, na wanafunzi wetu hukariri kwamba barafu ikiyeyuka huacha nyuma yake mchanganyiko wa mfinyanzi na mawe. Naamini kwamba udongo ule wa mbali, ambao wengi wao hawatauona maishani, unaweza kumfundisha mnunuzi wa kiwanja wa hapa kwetu namna ya kuijua ardhi anayouziwa.

Zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, karibu Kanada yote, kaskazini mwa Marekani, Skandinavia na sehemu kubwa ya visiwa vya Uingereza zilifunikwa na barafu ambayo katika maeneo mengi unene wake ulizidi kilomita moja. Barafu hiyo ilisogea polepole, ikakwangua miamba, ikaisaga na kuubeba unga wake pamoja na mawe mazima. Maji ya mto huchambua mzigo wake, yakaacha mawe mapema, mchanga baadaye, na chembe laini mbali zaidi. Barafu haichambui kitu. Huacha mahali pamoja jiwe lenye ukubwa wa gari, kokoto, mchanga, na chembe za mfinyanzi zisizofika milimita 0.002, na yale mashapo yaliyobaki chini yake hushindiliwa na uzito wake mpaka nafasi za kupitisha maji na hewa zikawa chache mno. Hata sisi tuna mashapo ya namna hiyo, ingawa hayapo Pwani: katika miteremko ya juu ya Kilimanjaro yapo matuta ya mawe na udongo yaliyoachwa na barafu ya zamani, iliyokuwa kubwa kuliko hii inayoendelea kupungua leo.

Katika majimbo ya Ohio na Indiana nchini Marekani, mashapo hayo yana mfinyanzi mwingi na yametandazwa kwenye tambarare zenye mteremko mdogo sana. Mtu akichimba shimo mahali pa bondebonde atakuta juu tabaka jeusi lenye mboji, chini yake mfinyanzi mzito uliogawanyika katika mabonge, na chini zaidi mashapo yaliyoshindiliwa ambayo chepe huyapenya kwa taabu. Maji ya mvua na ya theluji iliyoyeyuka hushuka kupitia nyufa zilizo kati ya mabonge, yakafika kwenye tabaka gumu, yakakwama. Hapo hujikusanya na kupanda. Mwishoni mwa majira ya baridi na mwanzoni mwa majira ya kuchipua, katika udongo mbaya zaidi wa aina hiyo, maji husimama karibu kabisa na uso wa ardhi, mizizi hukosa hewa, na trekta likiingizwa shambani mapema huuponda udongo na kuuharibu kwa muda mrefu. Lakini mtu akifika mahali hapohapo mwishoni mwa kiangazi atakanyaga ardhi kavu, na hatakuwa na sababu ya kushuku chochote.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka wasomaji walizingatie, kwa sababu udongo huo huweka kumbukumbu ya maji hata wakati maji hayapo. Wekundu, ukahawia na umanjano wa udongo hutokana kwa kiasi kikubwa na madini ya chuma yaliyokutana na oksijeni. Udongo ukijaa maji kwa wiki kadhaa, vijidudu vilivyomo humaliza oksijeni iliyobaki, kisha hugeukia chuma hicho ili viweze kuendelea kuishi. Chuma kikishabadilishwa hivyo huyeyuka na kuhama na maji, na udongo uliokipoteza hubaki wa kijivu, na pengine wa kijivu chenye ubuluu au ukijani. Maji yakishuka na hewa ikarudi kupitia nyufa na matundu ya mizizi, chuma huganda tena na kuacha madoa ya rangi ya kutu. Kwa hiyo ukuta wa shimo wenye kijivu kilichochanganyika na madoa ya kutu unakuambia kwamba katika kina hicho maji hupanda na kushuka. Kijivu kitupu kinakuambia kwamba maji hukaa hapo sehemu kubwa ya mwaka. Wataalamu wa udongo hupima kina ambacho kijivu hicho kinaanzia, na kwa kipimo hicho huuweka udongo katika daraja lake, kuanzia ule unaopitisha maji kupita kiasi hadi ule unaopitisha maji kwa shida kubwa mno.

Maarifa hayo yaliingia katika sheria za watu. Katika jimbo la Indiana, anayetaka kujenga nyumba mahali pasipo na bomba la maji taka la umma hapati kibali cha mfumo wake wa maji taka mpaka mtaalamu wa udongo aliyesajiliwa achunguze udongo wa kiwanja hicho na kuandika maji ya msimu hupanda mpaka kina gani. Haulizwi jirani, wala haangaliwi mmea uliostawi. Ukuta wa shimo ndio unaoulizwa.

Nako kuukausha udongo huo kulichukua jasho la vizazi. Mwaka 1835 mkulima mzaliwa wa Scotland aliyeitwa John Johnston, aliyelima karibu na mji wa Geneva katika jimbo la New York, aliagiza kutoka kwao mifano ya vigae vya kupitisha maji chini ya ardhi, yaani vipande vya bomba la udongo wa kuchoma, akaanza kuvifukia katika mashamba yake ya mfinyanzi. Njia hiyo ilienea. Kaskazini magharibi mwa Ohio palikuwa na kinamasi kikubwa kilichoitwa Great Black Swamp, kikiwa juu ya mfinyanzi wa barafu na wa ziwa la kale, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 kilikaushwa kwa mitaro na vigae mpaka kikawa miongoni mwa mashamba yenye rutuba kubwa ya nchi hiyo. Natoa mfano huu nikijua kwamba hatuwezi kuuiga mzimamzima. Shamba tambarare lenye mtaro mkubwa wa kupokea maji kwenye mpaka wake ni jambo moja, na mtaa uliobanana, ambao maji yake yakitolewa kwenye kiwanja kimoja yanaingia cha jirani, ni jambo jingine.

Sasa nirudi Dar es Salaam. Udongo wetu haukutokana na barafu. Sehemu za mwinuko zina mchanga na mchanga uliochanganyika na mfinyanzi, na katika mabonde ya Msimbazi, Kizinga, Mzinga na vijito vyake mito imetandaza tope na mfinyanzi kwa karne nyingi. Asili ni tofauti, ila tabia inafanana: chembe ni ndogo, matundu ni membamba, mteremko ni mdogo, na maji hayana pa kwenda. Tena mfinyanzi mweusi wa mbugani, unaopatikana katika mikoa mingi ya nchi hii, una ukaidi wa ziada. Mfinyanzi wa barafu wa Ohio na Indiana kwa kawaida hauvimbi sana, lakini huu wetu mweusi hupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi, humeza mvua za kwanza, kisha huvimba na kujifunga, ukinyanyua jamvi la nyumba na kupasua kuta. Mwenye nyumba humlaumu fundi kwa saruji aliyopunja, na mara nyingine fundi hana kosa.

Madhara makubwa zaidi yako kwenye vyoo. Shimo lililochimbwa katika mfinyanzi wa aina hiyo halinyonyi. Wakati wa kiangazi huonekana zima, na masika ikifika maji ya ardhini hupanda na kulijaza kutoka pembeni na chini, kabla hata familia haijalijaza. Ndipo wengine hutapisha vyoo mvua zinaponyesha, na uchafu ukasambaa mtaa mzima hadi kwenye visima vifupi. Jiji lililoona kipindupindu kikianza ndani yake mwezi Agosti 2015 na kusambaa mikoani halina haki ya kulichukulia jambo hili kama aibu ya mtu mmoja mmoja. Mtu aliyeuziwa kiwanja mwezi wa Januari, kikiwa kikavu na kimemwagiwa kifusi kipya, angejuaje?

Angejua kwa kuchimba. Shimo la kina cha mita moja na nusu, lipite kifusi chote na kufika kwenye udongo wa asili, ni kazi ya kijana mmoja mwenye sururu na chepe. Ukuta wake ukiwa mwekundu au wa kahawia hadi chini, dalili ni njema. Kijivu chenye madoa ya kutu kikianza karibu na juu, au pakitoka harufu ya yai bovu, mnunuzi asitoe fedha kabla ya kumwita mtaalamu. Achukue pia donge, alilowanishe, alifinye taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada: likitoa utepe unaozidi sentimita 5 kabla ya kukatika, huo ni mfinyanzi. Tahadhari moja ni ya lazima kwa wakazi wa Pwani. Mchanga wetu mweupe haumaanishi maji yaliyotuama, kwani ni mweupe kwa sababu una chuma kidogo tangu mwanzo, na wapo waliouogopa bure.

Naziomba halmashauri za jiji na manispaa zetu ziweke sharti kwamba kila mradi wa kupima viwanja, na kila ombi la kibali cha ujenzi mahali pasipo na bomba la maji taka, liambatane na maelezo ya shimo la udongo: matabaka yake, rangi zake, na kina ambacho dalili za maji zinaanzia. Wataalamu tunao, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro na kituo cha utafiti cha Mlingano mkoani Tanga, ambacho kimefanya kazi ya kuchunguza udongo wa nchi hii kwa miaka mingi. Maelezo hayo yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mauziano mengi hushuhudiwa, ili mnunuzi ayasome kabla ya kutia saini. Na mahali ambapo kijivu kinaanza juu sana, kibali kisitolewe kwa choo cha shimo. Pajengwe choo kilichoinuliwa, chenye tangi lisilovuja na linaloweza kunyonywa na gari.

Mwalimu wa Jiografia,
Temeke, Dar es Salaam