Kutetemeka mbele ya askari si kukiri kosa

Kwa Mhariri,

Naandika kuhusu jambo ambalo watu wengi wa rika langu hulinong'ona barazani lakini huona haya kulitaja hadharani, nalo ni woga unaomwingia mtu asiye na kosa lolote pindi askari polisi anaposimama mbele yake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisauni, Mombasa. Nina miaka 47, sijawahi kushtakiwa, sijawahi kulala seli, na hata faini ya barabarani sijawahi kulipa kwa kuwa sina gari. Hata hivyo, matatu ninayosafiria ikikaribia kizuizi cha polisi, viganja hunitoka jasho, na mkono hujiingiza wenyewe mkobani kupapasa kama kipande changu, yaani kitambulisho cha taifa, kipo.

Miezi michache iliyopita nilikipoteza kipande hicho katika soko la Kongowea. Kama ajuavyo kila Mkenya, kitambulisho kikipotea ni lazima uende kituo cha polisi uandikishe upotevu huo na kupewa abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha upotevu, huduma ambayo hailipiwi, kabla ya kuomba kingine. Kituo kilicho karibu nami ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, lakini kufika kwangu kulichukua siku nne. Siku ya kwanza nilipita langoni nikaendelea na njia kana kwamba naelekea dukani. Siku ya pili nilisimama chini ya mwarobaini ulio ng'ambo ya barabara kwa karibu nusu saa, nikiyapanga maneno yangu kama mtoto anayesubiri kughani shairi mbele ya wageni, kisha nikarudi nyumbani. Siku ya tatu sikutoka kabisa. Siku ya nne nilimwomba dada yangu anisindikize.

Askari aliyekuwa kwenye kaunta hakuinua uso tulipoingia. Alikuwa akiandika katika lile daftari kubwa la matukio, kwa kalamu iliyofungwa uzi kwenye msumari. "Sema," akasema. Nikaanza kueleza, sauti ikanikauka. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza, akaitazama mikono yangu niliyokuwa nimeiweka juu ya kaunta, akaniuliza mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni: "Mbona watetemeka? Kwani umefanya nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sina nia ya kumshtaki askari yule, kwani sidhani alitaka kunidhalilisha. Aliuliza kwa sababu anaamini, kama waaminivyo wenzake wengi na raia wengi pia, kwamba asiye na hatia haogopi. Msemo huo umekaa vinywani mwetu kana kwamba ni sheria ya maumbile, ilhali si kweli hata kidogo. Katika miaka 22 ya kufundisha nimemwona mtoto akitetemeka kwa kuitwa tu ofisini kwa mwalimu mkuu, hata anapokuwa ameitwa ili apewe zawadi. Mtoto huyo haogopi kosa alilolitenda. Anaogopa nguvu aliyo nayo mtu mzima juu yake, na anaogopa zaidi kwa kuwa hajui nguvu hiyo itatumiwaje. Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, wala hatujawahi kumwambia mtu aliyeumwa kwamba kushtuka kwake ni dalili ya kuwa yeye ndiye nyoka.

Nasi tumeumwa, Mhariri, tena kwa vizazi. Neno lenyewe tunalotumia hadi leo kuita kitambulisho, kipande, ni la enzi ya ukoloni. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kutembea na karatasi hiyo, ambayo wengi waliivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa kibarua katika shamba la mkonge huko Kilifi, alikuwa akitusimulia kwamba alilala na kijisanduku hicho shingoni kwa sababu askari walikuja hata usiku. Alikuwa mzee wa heshima aliposimulia, nchi ilikwisha kupata uhuru zamani, lakini akifika mahali hapo kwenye hadithi mkono wake ulipanda kifuani. Huo ndio mkono ninaouona ukiingia mkobani mwangu kwenye kizuizi.

Historia ya hapa kwetu inafundisha pia kwamba polisi wa mwanzo wa nchi hii walianzia Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, wakiwa walinzi wa maghala na mali ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Waliwekwa walinde mali dhidi ya watu. Uhuru ulibadilisha bendera na nyimbo, lakini namna askari anavyomkabili mtu wa kawaida mtaani ilirithiwa karibu yote, na sisi nasi tukarithi namna ya kumtazama.

Wala si mambo ya kale pekee. Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, watu waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni ili wawahi kufika makwao walipigwa marungu na kurushiwa vitoa machozi kabla ya saa moja ya jioni, yaani kabla ya kafyu yenyewe kuanza. Nchi nzima iliona picha za watu wamelala chini kivukoni. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, Nairobi, wakati polisi wakitekeleza kafyu hiyo hiyo. Na Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kama mimi, alikamatwa nyumbani kwao katika Kaunti ya Homa Bay kwa ajili ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni, akasafirishwa hadi Nairobi, na hakuona jua la kesho yake. Alifia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Kwanza tuliambiwa amejigonga kichwa ukutani. Wataalamu waliochunguza maiti wakasema majeraha yake hayawezi kuwa ya mtu aliyejigonga. Baada ya kusikia habari kama hizo, anayeingia kituoni bila kupepesa jicho ndiye ninayemstaajabia.

Jambo hili limefika nyumbani kwangu pia. Kijana wangu alikuwa na miaka 19 usiku alipochukuliwa katika msako, akiwa amekaa na wenzake wawili kwenye baraza ya nyumba yetu wenyewe, sinia la mahamri likiwa kati yao. Waliomchukua hawakuvaa sare na hawakujitambulisha. Nilitoka mlangoni nikaona sinia limepinduka na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto, na gari limekwisha pinda kona. Tulimtafuta usiku kucha. Alirudi alfajiri baada ya mjomba wake "kuzungumza na watu", na maana ya maneno hayo kila msomaji anaifahamu. Hadi leo hakuna aliyemweleza kijana huyo alikamatwa kwa kosa gani.

Kuanzia siku hiyo nilianza kumpa mafunzo. Ukiwaona, usikimbie. Usitie mkono mfukoni. Usitoe simu. Usijibu Kiingereza, wataona wajigamba. Usijibu Kiswahili cha mtaani, watakuona mhuni. Ita "afande" mwanzo wa kila sentensi. Kipande kiwe mfuko wa shati ili kionekane bila kupapasa. Nilikuwa nikimfundisha mwanangu woga kwa makusudi, kwa mpangilio uleule ninaomfundishia mtoto jedwali la kuzidisha, nikaona nimefanya wajibu wa mama. Sijui mama mwingine wa Kisauni angefanya nini tofauti, lakini jambo hilo linaniuma.

Tena linawagharimu polisi wenyewe. Mtaa wetu umesumbuliwa kwa miaka na magenge ya vijana wenye mapanga. Jirani yangu, mama anayeuza viazi karai jioni, alivamiwa na kuporwa mapato ya siku tatu. Aliwaona nyuso, na wawili kati yao aliwajua kwa majina. Nilimsihi aende akaandikishe taarifa, naye akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, nikienda huko, nani atanirudisha?" Hakwenda. Vijana wale walionekana mtaani wiki iliyofuata wakinunua viazi kwake, naye akawauzia. Polisi wakilalamika kwamba wananchi hawatoi habari, wajue kwamba habari zipo, zimekaa kwenye koo za watu waliofika chini ya mwarobaini wakageuka.

Nisingetenda haki nisiposema kilichofuata siku ile kaunta. Afisa mwingine, mwanamke kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa zamani, alisogea akasema, "Shikamoo mama. Keti hapa, unieleze polepole." Alivuta benchi kwa mguu wake. Kutetemeka kulikwisha kabla sijaketi, na shughuli iliyonichukua siku nne kuiendea ikamalizika kwa dakika 15. Najua pia kwamba maafisa wengi kama huyo wanaishi katika makazi duni na kufanya kazi kwa saa nyingi. Kamati iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, iliyowasilisha ripoti yake Novemba 2023, iliyaeleza hayo kwa kirefu na kupendekeza mishahara yao iongezwe. Naliunga mkono pendekezo hilo kwa moyo wote. Mtu anayedhalilishwa kazini huwa mwepesi wa kudhalilisha.

Lakini salamu ya shikamoo haihitaji bajeti, na ndiyo maana ombi langu kwa wakuu wa Huduma ya Taifa ya Polisi ni dogo. Kwanza, maafisa wafundishwe vyuoni kwamba mtu anayetetemeka, anayegugumiza au anayekwepa macho anaweza kuwa hana chochote cha kuficha, na kwamba kumwuliza "umefanya nini" ni kumwongezea hofu na kupoteza ushahidi wake. Kifungu cha 244 cha Katiba kinawataka polisi wajenge uhusiano mwema na jamii. Uhusiano huo huanzia kaunta, kwa sentensi ya kwanza.

Pili, kila ofisi ya kuripoti iwekwe ubao mkubwa, kwa Kiswahili kinachosomeka, penye maneno ya Kifungu cha 49: kwamba anayekamatwa ni lazima aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa, kwamba ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili au mtu mwingine wa kumsaidia, kwamba anapaswa kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kazi inayofuata ikiwa saa hizo zimeangukia wakati mahakama zimefungwa, na kwamba ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Katiba hiyo imekuwapo tangu Agosti 2010. Mama muuza viazi karai hajawahi kuonyeshwa ukurasa huo, na mimi niliyesoma niliusahau wote nilipoulizwa kwa nini natetemeka. Ubao ungenikumbusha. Ungemkumbusha na askari.

Nasi wazazi tunalo la kurekebisha. Mtoto akilia tunamwambia, "Nyamaza, polisi yuaja!" Nimelisema hilo mwenyewe kwa wanangu wote watatu. Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu wa Gredi ya Tano: ukipotea Kongowea, utamwendea nani akusaidie? Walitaja muuza maji, mama mwenye mtoto mgongoni, imamu wa msikiti wa jirani, makanga wa matatu za kwao. Kati ya watoto 52, hakuna hata mmoja aliyesema polisi. Nilipolitaja neno hilo mwenyewe, darasa lilinyamaza, na wawili walitazama mlangoni.

Kwa hiyo nimemwandikia mkuu wa kituo chetu kumwomba amtume yule afisa kijana, au mwingine wa hulka yake, aje akae na watoto hao kwa saa moja, bila bunduki, wamwulize wanachotaka. Barua niliipeleka mwenyewe, peke yangu, na nilisimama chini ya mwarobaini dakika tano tu. Bado nasubiri jibu. Watoto wamekwisha andika maswali yao na nimeyahifadhi kwenye kabati la darasa. Swali la kwanza, lililoandikwa na mvulana wa miaka 11 kwa mwandiko wa uangalifu mkubwa, ni hili: "Nikikuona usiku, nisimame au nikimbie?"

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kisauni, Mombasa