Ukienda, usiende na hotuba

Dada mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako imenifikia, na pale unaposema mchungaji amekuomba ujiunge na huduma ya magereza nilitabasamu kwa jibu ulilompa. Eti hiyo si karama yako, wewe ni mtu wa kwaya. Tangu lini kumtembelea mtu kukahitaji karama? Katika Mathayo 25 Bwana anasema, "nalikuwa kifungoni, mkanijia." Hataji ufasaha wala upako wa pekee. Walikwenda, basi.

Kuogopa sikulaumu. Ninachotilia shaka ni hiyo amani unayosema unayo hapo ulipo. Yeremia sura ya 48 anaisema Moabu, taifa jirani ya Israeli, kuwa imestarehe tangu ujana wake, kama divai iliyotulia juu ya sira zake (machicha yake), isiyomiminwa kutoka chombo hiki kwenda kingine, ndiyo maana ladha yake ni ileile na harufu haijabadilika. Ukisoma haraka utadhani anaisifu, kumbe anatangaza hukumu. Nasi tunaweza kuimba na watu walewale na kuomba maombi yaleyale miaka na miaka, tukauita utulivu huo amani ya Mungu.

Lakini wiki hii nataka umsome Anania wa Dameski, katika Matendo 9 (si yule mume wa Safira!). Sauli, ambaye ndiye Paulo, tunamhubiri sana, huyu tunampita. Bwana anamtuma njia iitwayo Nyofu, nyumbani kwa Yuda, akamtafute mtu wa Tarso. Anania anajibu kwa hoja, tena hoja za kweli: habari za mtu huyu nimezisikia, jinsi alivyowatenda watakatifu wako Yerusalemu, na huku amekuja na amri ya kutufunga. Bwana hamkemei. Wala hamwahidi kwamba hatadhurika. Anamwambia aende, na kumfunulia kidogo kazi aliyomwekea Sauli. Anania akaenda, akamwekea mikono yule aliyekuja kumfunga, akamwita "Ndugu Sauli". Sidhani kama angeweza kulisema hilo kwa moyo wote angebaki nyumbani kwake akimwombea kwa mbali.

Hapo ndipo ninapoona imani ikikua, dada: utii unapotukutanisha na mtu ambaye sisi wenyewe tusingemchagua. Ugumu peke yake haumkuzi mtu. Wapo wanaohubiri kwamba kila kinachokutisha lazima kiwe kimetoka kwa Mungu, nami siwaungi mkono. Hofu nyingine ni busara tu. Wala usidhani ukishatoka mara moja umemaliza. Petro alikwenda Kaisaria kwa Kornelio, akamwona Roho akiwashukia watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, kwa macho yake. Kisha fungua Wagalatia 2: yuko Antiokia, anajitenga na watu wa mataifa mezani kwa kuwaogopa Wayahudi waliotoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, mpaka Paulo anampinga uso kwa uso. Petro! Mimi habari hiyo hunitia moyo kuliko ile ya kutembea juu ya maji.

Sasa ukikubali, mara ya kwanza fuatana na wale waliozoea. Uliza mapema taratibu za gereza, mavazi yanayofaa na vitu visivyoruhusiwa kuingizwa. Usimwulize mtu kosa lililomfikisha pale, akitaka atakwambia. Usiahidi kufuatilia kesi ya mtu wala kumpelekea ujumbe mtu wa nje, hata akikulilia. Na hotuba iache nyumbani. Waulize wanapenda wimbo gani, kisha uwaitikie, maana humo wapo waombaji hodari, na huenda wakakuongoza wao.

Mjibu mchungaji kabla ya Jumapili, halafu uniandikie ulichomwambia, hata kama ni hapana. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Dada yako katika Kristo