Kutoka valvu hadi viwavi siyo kupotea njia

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, maana ile makala yenu ya mtafiti aliyeanza na kontroli ya mitambo ya viwandani akaja kuishia kwenye wadudu wa misitu imenikera. Siyo kwamba mmemwandika vibaya, mmemsifia sana tu, ila mmemsifia kama kioja, eti mtu mwenye maisha mawili, eti aliacha uhandisi akafuata vipepeo. Kwanza siyo vipepeo, ni nondo na mbawakawa. Pili hakuacha kitu. Mimi kazi yangu ni kontroli, nashinda na valvu na sensa, yaani vifaa vya kupimia, na kwa jinsi mlivyomweleza namuona mtu aliyeng'ang'ania swali moja miaka yote, kilichobadilika ni mtambo tu.

Swali lenyewe ni hili: mfumo unaojirekebisha wenyewe unafanyaje pale taarifa inapochelewa kufika?

Chukua tangi linalopashwa moto kwa mvuke, sensa ya joto imefungwa mbali huko mwisho wa bomba. Opereta anaona joto liko chini, anafungua valvu, anasubiri, haoni kitu, anafungua tena, kumbe ule moto wa kwanza bado uko njiani, ukija kufika joto limeshapita kiwango, anafunga yote, na sasa linaporomoka. Kutwa nzima linapanda na kushuka hivyo hivyo wakati hakuna kifaa kibovu na opereta mwenyewe kazi anaijua. Shida ni ule ucheleweshaji basi. Na hili siyo jipya, mwanafizikia James Clerk Maxwell aliandika hesabu za gavana za mitambo, vile vifaa vinavyodhibiti mwendo wa mashine, mwaka 1868 akaonyesha kwa nini nyingine zinatulia na nyingine zinayumba, halafu 1942 wahandisi Ziegler na Nichols wakatoa namna ya kutuni kontrola, yaani kurekebisha kile kifaa kinachoamua valvu ifunguke kiasi gani, namna ambayo mpaka leo inafundishwa, na njia yao mojawapo inakutaka uongeze ukali wa kontrola makusudi mpaka mtambo uanze kuyumba wenyewe, unapima ule muda wa kuyumba, ndo unapata namba zako.

Sasa ingia msituni. Kwenye milima ya Alps kuna nondo mdogo ambaye viwavi wake wanakula majani ya miti ya lachi, na idadi yao hupanda na kuanguka kila baada ya miaka 8 au 9. Watu wamesoma pete za miaka ndani ya mashina ya miti wakaona mtindo huo ukirudi kwa miaka kama 1,200, mpaka ulipofifia miaka ya 1980. Kinachowayumbisha ni nini? Kuna nyigu wanaotaga mayai ndani ya kiwavi, ila nyigu wanaongezeka baada ya viwavi kuongezeka, wakija kuwa wengi viwavi wameshapukutika, na wao wanakosa pa kutaga, wanapungua, viwavi wanapata nafasi tena. Halafu mti nao, ukishaliwa majani yote, kwa miaka michache inayofuata unatoa majani mafupi, magumu, yenye lishe ndogo, kwa hiyo adhabu ya mwaka huu inawakuta wajukuu wa waliokosa. Niambieni hapo kama siyo lile tangi langu, tofauti sensa iko mbali kwa miaka badala ya mita.

Na hawa watu wa fani mbili wako tangu zamani. Mwaka 1935 Nicholson, mtaalamu wa wadudu, alikaa na Bailey, mwanafizikia, wakatoa hesabu ya mdudu na kimelea wake, na hesabu ile ukiiachia inayumba kila mzunguko zaidi ya uliopita mpaka inavunjika kabisa, fundi kontroli yeyote akiona ile grafu atasema hapa mmeweka ukali umezidi, punguzeni. Robert May naye chuoni Sydney alianzia uhandisi wa kemikali, ambao kontroli ya mitambo ndo nyumbani kwake, akaenda fizikia, akaishia ikolojia, na mwaka 1980 yeye na Roy Anderson wakaandika jinsi magonjwa yanavyoweza kuwafanya wadudu wa misitu wapande na kushuka kwa mizunguko ya miaka. Huyo alikuja kuwa rais wa Royal Society, jumuiya kubwa ya wanasayansi ya Uingereza, sijasikia mtu akisema alikuwa hajatulia.

Mtu aliyeruka kweli kweli kama mnamtaka, mwandikeni Trouvelot, yule Mfaransa aliyeleta nondo waharibifu Massachusetts mwishoni mwa miaka ya 1860, wakamtoroka, wakaja kuwa balaa la misitu ya Marekani, na yeye akageukia kuchora sayari na nyota. Hiyo ndo kazi mbili zisizojuana.

Ila mimi ninayempenda kuliko wote ni Holling, mwanaikolojia wa Kanada, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1959 alitaka kujua mnyama mmoja anaweza kula wadudu wangapi wakizidi kuongezeka, basi akamfunga msaidizi wake kitambaa machoni akamwambia atafute kwa kidole vipande vya msasa vilivyobandikwa mezani. Vipande vikiwa vichache anapata vichache, vikiongezeka anapata zaidi, lakini kuna mahali anakwama, kwa sababu kila akipata kimoja anatumia muda kukitoa na kukiweka pembeni, hata uongeze mia hasongi mbele. Sisi tunaijua hiyo, ni valvu iliyofunguka mpaka mwisho, kontrola inaweza kupiga kelele inavyotaka lakini hakuna cha kuongeza. Ndege wanaokula viwavi wakifika hapo viwavi wameshawatoroka, na ndo mlipuko wenyewe huo.

Halafu kuna habari ya New Brunswick, jimbo la Kanada, kule kiwavi wa spruce, mti wa jamii ya misonobari, hulipuka kila miaka 30 hadi 40 hivi. Kuanzia 1952 mpaka 1968 walimwaga DDT, dawa ya kuua wadudu, kwa ndege juu ya misitu. Miti mingi ilipona, ni kweli, lakini miti iliyopona ni chakula kilichobaki mezani, na Holling na wenzake wakasema kunyunyiza huko kulikuwa kunauweka msitu kwenye hali ya kulipuka muda wote, ukiacha tu inawaka. Mwaka 1973 akatenganisha mambo mawili ambayo sisi wa viwandani tunayachanganya, kutulia na kustahimili: kitu kinaweza kuyumba sana na kikadumu, na kingine kikatulia tuli na kikafa kwa msukosuko mmoja. Mimi nalipwa ili mstari ubaki mnyoofu kwenye skrini, kwa hiyo maneno hayo yananiuma kidogo, lakini ni ya kweli.

Sisemi mhandisi anajua msitu, wako wenzangu wenye kiburi wanaodhani kila kitu ni tangi. Tangi lina kibao kinachosema ujazo wake, msitu hauna. Mimi sensa yangu inasoma kila sekunde, wao wanahesabu mayai kwenye matawi au nondo kwenye mitego ya harufu, mara nyingi namba moja kwa mwaka, na kwenye hizo namba chache inabidi umtambue adui aliyejificha, ni nyigu au ni virusi au ni mti wenyewe. Kwa hiyo aliyehamia huko alihamia kwenye kazi ngumu zaidi ya yangu.

Ombi langu basi. Mrudieni huyo mtafiti mumuulize vitu vya maana, aliyajuaje yale yasiyopimika kwenye data yake, hesabu gani ya kiwandani ilimgomea msituni, na kama kuna kitu alichojifunza kwa viwavi akakirudisha kwenye mitambo. Na mweke grafu zake mbili pamoja, ya joto la tangi na ya idadi ya viwavi, hata kama italazimu kuondoa ile picha yake kubwa ameshika darubini.

Wenu,
Fundi kontroli, msomaji wa siku nyingi