Kaunti ituambie makao ya wazee yako wapi

Kwa Mhariri,

Hapa Nakuru ukisema umempeleka mzazi kwenye makao ya wazee, majirani huanza kukuhesabia laana. Matokeo yake watu huitafuta huduma hii kichinichini, kwa kuulizia shemeji au mtu wa kanisani, na mzee huishia popote palipopatikana.

Wengi wa wanaolaumu hawajawahi kumuuguza mtu wa kiharusi. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo vidonda vya kulalia vitamla mgongo. Abadilishwe nepi, alishwe polepole asipaliwe, dawa ya presha isipitishe saa. Kazi hiyo hutupiwa mkaza mwana au binti aliyebaki nyumbani, na hakuna anayemuuliza kama anaiweza. Wana wa kiume hutuma pesa na ushauri, hasa ushauri.

Tuelewane kwanza kuhusu makao yenyewe. Hospitali hutibu kisha humruhusu mgonjwa aende nyumbani. Hospisi humpunguzia maumivu mwenye ugonjwa usiopona, na mara nyingi humfuata huko huko kwake. Makao ni mahali pa kuishi: chakula, usafi, wenzake wa kuzungumza nao, na mtu wa kumwinua asubuhi. Yapo ya hisani, mengi yakiendeshwa na makanisa. Nyumba ya Wazee iliyoko Kasarani, Nairobi, iko mikononi mwa masista wa shirika lililoanzishwa Ufaransa na Jeanne Jugan kuanzia mwaka 1839 kwa ajili ya wazee maskini. Mahali pa namna hiyo pamekusudiwa asiye na mtu, kwa hivyo mwenye watoto walioajiriwa asishangae akikataliwa. Mengine ni ya kulipia kila mwezi, na huko ndiko kwenye utata.

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Serikali, hulipia matibabu katika vituo ilivyoingia navyo mkataba. Kitanda cha makao hakimo. Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwasaidia wasiojiweza kwa pesa, humpa mzee aliyetimiza miaka 70 Sh2,000 kwa mwezi, na anayenunua nepi za watu wazima anajua hizo huishia wapi. Kwa hivyo familia ikae chini ikubaliane nani atatoa ngapi, tena kwa maandishi, kabla ya kumhamisha mtu.

Lakini wa kuulizwa kwanza ni mzee mwenyewe. Mwenye akili timamu akikataa, amekataa. Kuingia makao pia hakumpokonyi shamba lake wala akaunti yake ya benki. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaoharakisha safari hiyo wakiwa na hati miliki akilini. Akikubali, tayarisheni kitambulisho chake na ripoti ya daktari inayoeleza anachoweza kufanya na asichoweza. Makao ya hisani huenda yakadai pia barua ya chifu au ya afisa wa maendeleo ya jamii. Kisha nendeni mkapaone bila kutoa taarifa. Ulizeni usiku analala nani zamu, na kama ni muuguzi au ni mlinzi tu. Mzee akizidiwa, nani atampeleka hospitalini na kwa pesa za nani? Malipo yakichelewa atafanywaje? Anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kuwajibu.

Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Wote wawili, Mhariri. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea nchini. Hata hivyo, mtu wa Bahati au Njoro akitaka kujua makao yaliyo karibu, bado hutegemea uvumi.

Naiomba Kaunti ya Nakuru ibandike orodha ya makao yote yaliyosajiliwa katika kila ofisi ya wadi na ya chifu, ikionyesha ada, idadi ya wauguzi na tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Na hospitali zetu za umma zisimruhusu mzee asiyejiweza aende nyumbani kabla afisa wa ustawi wa jamii hajakaa na familia yake na kuipa orodha hiyo mkononi.

Mkaza mwana,
Kiamunyi, Nakuru