Bata mzinga wa friza ni kazi ya siku tatu, si ya usiku mmoja

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nilitoe jambo lililonikaa rohoni tangu Krismasi iliyopita.

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Kisauni. Pilau, biriani, samaki, viazi karai vya futari. Mbele ya mafuta ya moto nimekaa zaidi ya miaka 20. Basi jirani yangu alipokuja siku ya mkesha akaniambia kijana wake, aliyerudi likizo kutoka Marekani, amenunua bata mzinga na anataka akaangwe mzimamzima kama wafanyavyo kule katika sikukuu yao ya Shukrani mwezi wa Novemba, sikuona kazi. Nikamjibu, "Mama, hilo niachie mimi."

Bata mwenyewe alikuwa wa kilo 6, ametoka kwenye friza ya duka akiwa mgumu kama jiwe. Muuzaji aliwaambia wamtoe jioni, asubuhi atakuwa sawa. Akalala usiku mmoja kwenye beseni. Asubuhi nilimbonyeza kifua, kidole kikazama, nikasema yuko tayari. Mkono sikuutia tumboni. Kosa hilo ni langu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Jiko la gesi tuliliweka uani, chini ya banda la makuti ili tusichomwe na jua. Sufuria tuliijaza mafuta karibu na mdomo. Nikamteremsha bata kwa ndoana ya chuma. Kwa sekunde mbili tatu palikuwa kimya, kisha mafuta yakaanza kunguruma kutoka chini, mngurumo ambao sijawahi kuusikia katika samaki wala kuku. Yakapanda, yakafurika, yakachuruzika ubavuni mwa sufuria hadi motoni. Ndimi za moto zikapita kichwa changu, na kaskazi ikazisukuma kwenye ukingo wa makuti. Ndoana nilikuwa bado nimeishika, nikamvuta bata na kumtupa mchangani; mkono wangu ulichomeka hapo, kutoka kiwiko hadi kifundo.

Kijana mmoja wa mtaani akaja mbio na ndoo ya maji aimwagie ile sufuria. Nilimpigia ukelele uliosikika mtaa wa pili. Maji yale yangeyarusha mafuta yanayowaka kwenye nyuso zetu sote, na watoto walikuwa wamesimama hatua chache tu. Bahati mtungi ulikuwa mbali kidogo, mpira ni mrefu, kijana wa jirani akaufunga. Tukafunika sufuria kwa sinia la pilau, tukamwaga mchanga juu ya mafuta yaliyokuwa yakiwaka chini, vijana wakayang'oa makuti yaliyoshika moto.

Mama mmoja akaniletea dawa ya meno, mwingine unga wa ngano. Walinionea huruma, lakini vyote viwili huziba joto ndani ya kidonda. Binti yangu alinishika mkono akauweka chini ya bomba, maji yakitiririka kwa dakika 20, ndipo tukaenda hospitali.

Jioni nilimpasua yule bata. Ndani, nyuma ya mbavu, kulikuwa na mfuko wa karatasi wenye shingo na maini, umeganda, na pembeni pake bonge la barafu kama ngumi yangu.

Nataka wenzangu waelewe barafu ile ilifanya nini. Mafuta ya kukaangia huwa kwenye nyuzi 175 hivi. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hivyo barafu inayoyeyuka huzama, hugeuka mvuke huko chini kwa ghafla, na mvuke huo huchukua nafasi takriban mara 1,700 ya maji yaliyouzaa. Lazima uyasukume mafuta nje. Sisi watu wa Pwani hukaanga vipande, unyevu unatoka kidogo kidogo, tunausikia ukichachatika tu. Uzoefu wetu wa karai haututayarishi kwa ndege mzima mwenye barafu tumboni.

Bata aliyeganda huyeyushwa ndani ya friji, sehemu ya kawaida, kwa hesabu ya siku 1 kwa kila kilo 2. Wa kilo 6 anataka siku 3. Kumwacha mezani katika joto letu la Desemba ni balaa nyingine, maana nyama ya nje huanza kuharibika wakati ya ndani bado ni barafu.

Idd iliyofuata nilikaanga mwingine, mdogo kidogo, nikiwa na hofu lakini kwa utaratibu. Kwanza nilimtia kwenye sufuria tupu, nikamwaga maji mpaka yakamfunika, nikamtoa na kuweka alama pale maji yaliposhuka. Hicho ndicho kipimo cha mafuta, na juu yake ibaki nafasi kubwa. Kisha sufuria na bata vyote nikavikausha kwa kitambaa, tumboni hasa. Jiko nikaliweka uwanjani, mahali tambarare, mbali na ukuta na mbali na makuti, nami nikasimama upepo ukinipiga mgongoni. Wakati wa kumteremsha nilizima moto kabisa, nikamshusha taratibu, alipotulia ndipo nikawasha tena. Dakika 7 au 8 kwa kila kilo, bila kuondoka hata kuitikia simu. Rangi ya nje hudanganya. Nilitia kipimajoto kwenye paja, penye nyama nene, kisigusane na mfupa, kikasoma nyuzi 74. Mafuta yale niliyaacha palepale hadi usiku, na mtu wa kuyalinda, kwa sababu hukaa na moto masaa mengi na mtaa wetu una watoto na paka wengi.

Wale wanaoishi Mji wa Kale, Majengo au kwenye ghorofa, ushauri wangu ni mmoja: kata vipande. Roshani si mahali pa sufuria ya lita 15 za mafuta. Anayetaka ladha ya moshi naye afanye nje. Makaa yakiwaka chumbani hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Sasa ombi langu kwa wenye maduka. Karatasi aliyofungiwa bata wetu ilikuwa na maelezo, ila kwa lugha ya kigeni na kwa herufi ndogo kama chawa. Mnunuzi analipa maelfu ya shilingi na anaondoka na neno la muuzaji tu. Bandikeni karatasi moja ya Kiswahili kwenye mlango wa friza, Desemba haijafika: kilo 2, siku 1 ndani ya friji, toa mfuko ulio tumboni, tia mkono uhakikishe hakuna barafu.

Mpishi wa shughuli,
Kisauni, Mombasa