Mzee wetu wa akala, Kariokor

Mhariri,

Nipe kanafasi kidogo niwashukuru watu wa Kariokor vile walisimama na sisi tukimzika baba. Mzee alikuwa na kibanda cha akala hapo sokoni, anakata tairi kuukuu na kisu amenoa mpaka kimebaki chembamba, na kama uko na haraka pole yako, lazima akupime mguu mara mbili na akuulize mamako anaendeleaje. Jumapili hafungui hata mwezi uwe mbaya namna gani, ni ile suti ya kahawia na kanisani mapema kupanga viti. Daftari la madeni tumeliona, wengi alishawafuta bila kulipwa (mama hajafurahi), hatutawafuata. Kibanda sasa kiko na ndugu yangu, karibuni.

Binti yake,
Nairobi